Muuguzi Mwanafunzi, Mtoto wa Machimboni na Maradhi ya Mlipuko

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alilitangazia taifa kwamba maradhi ya Marburg yamethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Kwa msomaji aliyeko Tanga au Lindi yamkini habari hiyo ilipita kama zipitavyo habari nyingine za mikoa ya mbali; ama kwa mkazi wa Chato, Katoro, Geita mjini au Kahama ilikuwa habari ya kwa jirani, kwa kuwa Biharamulo hupakana na mkoa wa Geita, na barabara ile ile inayochukua mchele, samaki, abiria na wachimbaji ndiyo iwezayo kumchukua pia mtu mwenye homa ambaye hajajua bado ameshikwa na nini. Watu kumi walihesabiwa katika mlipuko ule, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane walioingizwa katika hesabu kwa kadiri ya ushahidi uliopatikana, na wote kumi walikuwa wamefariki dunia mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi.

Miaka miwili kabla yake, mwezi Machi 2023, maradhi hayo hayo yalikuwa yamezuka wilayani Bukoba, yakawapata watu tisa na kuwaua sita. Na miongoni mwa waliopatwa walikuwamo watumishi wawili wa afya, ambao mmoja wao alifariki. Nawataja watumishi hao kwa makusudi, maana makala haya yanawahusu vijana ambao kesho watasimama pale walipokuwa wamesimama wao, yaani wanafunzi wa uuguzi na ukunga wa nchi hii ya Usukuma na machimbo yake, ambao wengi wao huingia chuoni wakiwa ndio kwanza wamemaliza kidato cha nne, hupita ngazi ya cheti kisha stashahada, na wangali vijana kabisa huachiwa zamu ya usiku katika wodi ambayo aghalabu imejaa watoto. Swali ninalotaka kuliuliza ni moja: je, kijana huyu amefundishwa kumwuguza mtoto wakati wa janga, au amefundishwa habari za mtoto katika somo moja na habari za janga katika somo jingine, kisha akaachwa ayaunganishe masomo hayo mwenyewe, siku ambayo hana hata nafasi ya kufikiri?

Nchi yenyewe yatakiwa ifahamike kwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 katika mkoa wa Geita, ambao ulikuwa haujatimiza miaka 11 tangu uundwe mwaka 2012, na watu 2,241,299 katika mkoa wa Shinyanga. Mwadui ina almasi yake iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Geita ina mgodi mkubwa wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, nje ya mji wa Kahama, ukachimbwa tangu 2009 hadi ulipofungwa mwaka 2021. Hiyo ndiyo migodi yenye uzio, zahanati, walinzi na magari ya wagonjwa. Lakini kando ya migodi hiyo, tangu Rwamagasa na Nyarugusu (hii ni Nyarugusu ya Geita, si ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu) hadi Mgusu, Nyang'hwale, Mbogwe na Msalala, ndiko waliko wachimbaji wadogo na maduara yao ya kuchimbia, makarasha yao ya kusagia mawe na mialo yao ya kuoshea mchanga. Na huko ndiko mama mwenye mtoto mgongoni huponda kokoto tangu asubuhi hadi jua linapopinda, akivuta yeye na mwanawe vumbi lile lile.

Dhahabu inapoonekana mahali papya, watu humiminika kwa wingi kabla choo hakijachimbwa na kabla kisima hakijapatikana, mahema ya turubai husimama, mama lishe huwasha majiko, na baada ya wiki chache pana makazi ambayo hayamo katika hesabu ya zahanati yoyote. Mtoto aliyefika hapo huenda kadi yake ya kliniki imebaki kijijini kwa bibi yake, Maswa au Kwimba. Alidungwa chanjo ya kwanza ya surua na rubela alipotimiza miezi tisa, lakini ilipofika miezi kumi na minane, siku ya chanjo ya pili, wazazi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye duara jingine. Fauka ya hayo, Shirika la Human Rights Watch lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 jinsi watoto walivyokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, Geita na Kahama zikiwamo, na kuishika zebaki kwa mikono mitupu. Mwili uliokwisha kudhoofishwa na vumbi, sumu, malaria na lishe haba ndio ambao maradhi ya mlipuko huukuta mlangoni.

Wala hili si jambo la kukisia. Mji wa Kamituga, katika Kivu ya Kusini huko Kongo ya mashariki, ni mji wa wachimbaji dhahabu wanaosema Kiswahili kama sisi, na hapo ndipo mwaka 2023 ilipojitokeza ile aina mpya ya homa ya nyani, yaani mpox, ambayo ilienea kwanza miongoni mwa watu wazima waliokusanyika kwa sababu ya dhahabu, kisha ikaingia majumbani na makambini, ikawapata watoto kwa wingi, hata tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mwezi Machi 2025 Tanzania nayo ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza. Mwenye akili akitazama ramani ya Kamituga na ramani ya Geita ataona kwamba machimbo ya dhahabu, kwa namna yanavyokusanya watu wasiojuana na kuwatawanya tena, ni mahali ambapo mwalimu wa uuguzi angepaswa kupafanya darasa, badala ya kupaacha pawe mahali pa kusikika tu kwa mbali.

Basi na tumtazame mtoto. Mwili wake una hesabu zake, na asiyezijua hesabu hizo hawezi kumwokoa hata akiwa na dawa zote za bohari. Mtoto aliye chini ya umri wa miezi miwili huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikia pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi miwili hadi kumi na mmoja akifikia pumzi 50. Na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikia 40. Na hesabu hiyo hufanywa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo imepandishwa, jicho la muuguzi likiwa kifuani pake. Kila mwanafunzi hulijua jambo hili kwa ajili ya mtihani. Lakini ni wangapi wamewahi kuifanya hesabu hiyo wakiwa wamevaa miwani ya kinga iliyojaa ukungu wa pumzi zao wenyewe, jasho likiwatiririka ndani ya vazi lisilopitisha hewa, foleni ya akina mama ikiwa nje, na mtoto mwenyewe akilia kwa sababu hakuona uso wa mtu tangu alipoingia? Katika hali hiyo kishawishi cha kuhesabu kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili ni kikubwa, na kishawishi cha kukadiria kwa jicho ni kikubwa zaidi. Na kwa mtoto ambaye kifua chake hupumua leo kwa kasi na kesho kwa kusitasita, tofauti ya pumzi chache ndiyo tofauti ya kupelekwa kwenye oksijeni au kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Hata chombo cha kupimia oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho tangu janga la UVIKO-19 kimeenea mpaka vituoni, kina ila yake ambayo mwanafunzi wa Shinyanga ana haki ya kuambiwa mapema: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba chombo hicho huelekea kumpa mtu mwenye ngozi nyeusi namba ya juu kuliko oksijeni iliyomo kweli katika damu yake. Muuguzi aliyefundishwa kuiamini namba peke yake, asitazame mbavu zinazobonyea na pua zinazopanuka, atadanganywa na mashine.

Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo, kwa maoni yangu, ni malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 16 ya watoto wa Shinyanga waliopimwa wakiwa na vimelea vya malaria, ilhali kwa taifa zima ilikuwa asilimia 8. Na Geita nayo haijapata kuwa mahali pa malaria haba. Marburg huanza kwa homa, kuumwa kichwa na uchovu, kisha kutapika na kuharisha. UVIKO-19 huanza kwa homa. Surua huanza kwa homa, mafua na macho mekundu siku kadhaa kabla vipele havijatokeza. Na malaria huanza kwa homa. Muuguzi kijana akimpima mtoto, akaona kipimo cha haraka kinasema malaria ipo, humshukuru Mungu kwamba amepata jawabu, akaandika dawa, akafunga daftari. Lakini katika mkoa ambao mtoto mmoja katika kila watoto sita hubeba vimelea hivyo, jawabu hilo halikanushi lolote jingine. Mwanafunzi afundishwe kuuliza hata baada ya kupata jibu: mtoto huyu ametoka wapi, nani mwingine nyumbani anaugua, nani amefariki hivi karibuni, na nani aliyemwosha maiti?

Lipo jambo la kutia moyo hapa, nalo ni letu wenyewe. Utaratibu wa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, ambao wauguzi wote huujua kwa herufi zake IMCI, ulijaribiwa kwa makini katika wilaya za Rufiji na Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 ukilinganisha na wilaya jirani ambazo hazikuwa na utaratibu huo. Ulimwengu mzima ulijifunza kwetu. Muuguzi huulizwa mambo manne kwanza: mtoto aweza kunyonya au kunywa, hatapiki kila kitu, hajapata degedege, hajalegea wala kupoteza fahamu? Maswali hayo hayahitaji umeme wala maabara, na janga liwalo lote haliyafuti. Kinachotakiwa ni kuyazoea mpaka yawe tabia, ili hofu itakapokuja isiyakute ulimini tu.

Kipindupindu, ambacho kati ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kiliingia katika mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, hakimpi mtoto siku tatu za kufikiriwa. Maji ya mwili wake ni mengi kwa kadiri ya uzito wake, na humtoka upesi. Macho huzama, ngozi ya tumbo ikivutwa hurudi polepole, kisha hulegea. Kwa aliyefikia hali hiyo kanuni ni mililita 100 za dripu kwa kila kilo ya uzito: wa chini ya mwaka mmoja apewe 30 katika saa ya kwanza na 70 katika saa tano zifuatazo, na aliyezidi mwaka mmoja apewe 30 katika nusu saa na 70 katika saa mbili na nusu. Mwenye kuweza kunywa hupewa maji ya chumvichumvi kwa kijiko, subira kwa subira, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne. Haya ni maarifa mepesi kuandikwa na mazito kutendwa, kwa sababu mshipa wa mtoto aliyekaukiwa ni mwembamba na umejificha, na mkono unaotetemeka ndani ya glavu mbili hauwezi kuupata isipokuwa mkono huo umeutafuta mara nyingi kabla ya siku hiyo, kwanza kwenye mwanasesere wa chuoni, kisha mbele ya mkufunzi mwenye stahamala.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulitaja kwa mistari michache, nami naliona kuwa ndilo kiini: hofu ya mtoto. Mwanadamu aliyevaa barakoa, miwani, kofia na vazi la kinga, kwa mtoto wa miaka miwili si muuguzi, ni kitu asichokijua, na mama akiondolewa kando yake kwa jina la karantini, mtoto huyo hukataa kula, hukataa dawa, hulia mpaka pumzi zake zisihesabike, au hunyamaza kabisa, na kunyamaza huko wasiojua hukudhania kuwa ni utulivu. Hospitali za Uingereza katika miaka ya 1950 ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu. Filamu aliyoitengeneza James Robertson mwaka 1952, ikimwonyesha mtoto wa miaka miwili akiwa peke yake hospitalini, iliwaumiza waliokuwa wakidhani utaratibu huo una hekima, na mwaka 1959 kamati ya Platt ikaishauri serikali yao iwafungulie wazazi milango. Katika wodi zetu mama hakupata kuondoka. Alilala chini ya kitanda cha mwanawe, akapika uji uani, akafua kanga na kuzianika kwenye majani. Ulipokuja mwaka 2020, mahali pengi duniani palirudi nyuma miaka sitini kwa siku moja, na hatuna budi kuhakikisha kwamba wauguzi tunaowalea hapa hawaidhanii karantini ya mtoto kuwa ni kumtenga na mama. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilielekeza kwamba hata mama aliyeambukizwa UVIKO-19 aendelee kumnyonyesha mwanawe, akivaa barakoa na kunawa mikono.

Kwa maradhi makali zaidi, kama Ebola na Marburg, ambapo mama na mtoto huenda wakalazimika kutenganishwa kweli, tunao mfano mzuri kutoka Beni na Butembo, huko huko Kongo ya mashariki. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, uliowapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, palijengwa kando ya vituo vya matibabu nyumba za kulelea watoto ambao wazazi wao wamelazwa au wamefariki. Na walezi wake walikuwa watu waliopona Ebola wenyewe, ambao kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga waliweza kuwabeba, kuwalisha na kuwaimbia wachanga hao pale ambapo mtu mwingine angeogopa kuwagusa. Pakatumiwa pia vyumba vya kuta za plastiki angavu, mgonjwa akiwa ndani na jamaa yake nje, wakionana nyuso. Na huko Liberia, mwaka 2015, msanii Mary Beth Heffernan wa Marekani aliwapiga picha wauguzi wakiwa wanatabasamu, akazibandika picha hizo vifuani juu ya mavazi ya kinga, ili mgonjwa ajue aliyemo ndani ni nani. Picha ya karatasi yagharimu nini? Chuo chochote cha uuguzi chaweza kulifanya jambo hilo kesho asubuhi.

Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, pana hospitali ya Kanisa la African Inland na chuo chake cha sayansi za afya, na kazi ya tiba mahali hapo ilianza tangu zama za wamisionari. Hapo, na katika vyuo vingine vya kanda, wanafunzi hulala, husoma na hushika zamu ndani ya mwendo wa miguu kutoka wodi ya watoto. Ni neema ambayo vyuo vingi vya nchi tajiri havina. Lakini neema hiyo ilikatwa ghafula mwaka 2020, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga duniani, kwa kukumbuka miaka 200 ya kuzaliwa kwake Florence Nightingale. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Shule zikafungwa kesho yake, na tarehe 18 vyuo navyo vikaambiwa vifunge. Wanafunzi wa uuguzi wakafunga mabegi yao pamoja na wa uhasibu na wa sheria, wakarudi makwao hadi tarehe 1 Juni. Uingereza, katika majuma hayo hayo, wanafunzi wa uuguzi wa miezi ya mwisho waliitwa wodini kwa mshahara.

Silaumu uamuzi wa kufunga. Hakuna aliyejua wakati ule maradhi yataelekea wapi, na maisha ya kijana wa miaka kumi na tisa ni amana ya wazazi wake mikononi mwa chuo. Lakini nasema kwamba kumrudisha mwanafunzi wa uuguzi nyumbani bila kazi yoyote ya kujifunza ni hasara, na kumwingiza wodini bila kumwandaa ni dhuluma. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi watumishi wa afya 881 walithibitishwa kuambukizwa na 513 miongoni mwao walifariki, na mauti hayakuwauliza kama ni waajiriwa au wanafunzi. Njia ya haki iko katikati, nayo hutengenezwa wakati wa amani: mwanafunzi awe amekwisha kuchanjwa homa ya ini, amefanya mazoezi ya kuvaa na, zaidi sana, ya kuvua mavazi ya kinga mbele ya mwenzake anayemsimamia, anajua kazi gani ataruhusiwa kuifanya janga likija na kazi gani hataruhusiwa, na anajua nani atamlipia matibabu akiugua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kupokea simu za akina mama, kuandika orodha ya watoto waliokosa chanjo na kufundisha unawaji wa mikono kwenye kibuyu chirizi. Wa mwaka wa mwisho aweza kusimama wodini kando ya muuguzi mzoefu. Mambo hayo yaandikwe, yatiwe sahihi na chuo na hospitali, yasingoje tangazo la saa mbili usiku.

Kazi hiyo ya orodha ya chanjo si kazi ndogo ya kumpa mtu asiye na kazi. Wakati dunia nzima ilipokuwa ikiitazama Ebola ya Beni, surua iliwaua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo hiyo hiyo kati ya mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, wengi wao watoto, idadi iliyozidi mara mbili ya waliouawa na Ebola. Mwaka 2020, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo zao za msingi. Janga huua kwa mikono miwili, mmoja unaoonekana na mmoja ulio gizani, na mtoto aghalabu hupigwa na huo wa gizani: mama ameogopa kuja kliniki, muuguzi wa chanjo amehamishiwa kwenye hema la karantini, jokofu la dawa halikujazwa.

Nalo suala la kumbukumbu haliwezi kupitwa. Tangu mwishoni mwa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka 2021 nchi yetu haikutangaza takwimu za UVIKO-19, na athari yake mojawapo ni kwamba mwalimu wa uuguzi wa leo, akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi watoto wa kanda hii walivyougua katika janga hilo, analazimika kuazima mifano ya London na Bergamo. Mwanafunzi afundishwe kwamba kuandika umri, uzito, pumzi na siku ya kwanza ya homa ni sehemu ya kumwuguza mtoto huyu na watoto wa mwaka 2040.

Wazee wetu hawakulifahamu neno la mitaala ya umahiri, lakini mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma pamoja, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwanafunzi wa leo afaa apelekwe Rwamagasa au Nyang'hwale kwa majuma kadhaa, akae na mhudumu wa afya wa jamii, ajue viongozi wa maduara, mama lishe na sungusungu, ambao ndio wajuao nani amefika jana na nani amelala hema zima bila kuonekana. Akiwa ametoka Kilimanjaro au Pemba, ajifunze Kisukuma cha kutosha kumwambia mayu aliyembeba mwanawe kwamba anamwelewa. Na akimkuta mtoto amefungwa hirizi na mganga wa jadi asiikate kwa hasira, bali aulize kwa taadhima ameugua tangu lini, kwa sababu mama aliyefedheheshwa hatarudi, na janga litapita mlangoni pake bila kuripotiwa.

Fedha zipo. Sheria ya Madini, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, humtaka mwenye leseni kubwa aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii inayouzunguka mgodi wake, unaokubaliwa pamoja na halmashauri. Kwa fedha hizo yamejengwa madarasa, zahanati na masoko, nasi tunashukuru. Kutoka fungu hilo hilo chaweza kupatikana chumba kimoja cha mazoezi katika kila chuo cha uuguzi cha Shinyanga na Geita, wanasesere wa kujifunzia, mavazi ya kinga ya kuvaliwa na kuvuliwa mpaka yachakae, nauli na posho ya wanafunzi wanaokwenda machimboni, na mshahara wa mkufunzi wa watoto ambaye hana kazi nyingine ila hiyo. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo liliweke jambo la mtoto katika janga ndani ya mtihani wa vitendo, maana kisichotahiniwa hakisomwi. Nawaomba madiwani wa Geita, Mbogwe, Msalala na Kahama, watakapoketi kuupitisha mpango wa mwaka ujao, kabla hawajainua mikono wamuulize mkurugenzi: ni shilingi ngapi zilizotengwa kwa ajili ya muuguzi atakayempokea mtoto wa machimboni siku ya mlipuko, na kama jibu ni hakuna, waurudishe mpango huo mezani.